Maswali Yenu kwa Anti: Wanachokodi ni Uso Wako

Wasomaji wangu hamjambo. Toleo lililopita nilimjibu mama mmoja wa Molo ambaye kijana wake alishikwa na bhangi imefichwa chini ya magunia ya viazi, nikasema pesa ya mzigo haifikagi nyumbani ikiwa nzima. Basi mmeniandikia! Wengine mmenishukuru, wengine mmenitusi mpaka mhariri akanipigia kuniuliza kama niko sawa. Niko sawa. Nimechagua barua tano, majina nimetoa na mnajua ni kwa nini. Na kwa wale wageni hapa, mimi si wakili, nilikuwa karani wa korti hapa Nakuru mpaka nikastaafu, kwa hivyo nikiongea juu ya watu wanasimama kizimbani na suti ya kanisa naongea kitu nimeona.

*

Anti, sisi ni vijana wa kinyozi hapa Nyalenda, Kisumu. Tumebishana wiki mzima juu ya yule Mmarekani George Jung, ule alikuwa anaingiza kokeni ya kina Escobar wa Kolombia. Mimi nasema alikufa bila kitu, jamaa yangu anasema mtu hawezi shika mamilioni kama hizo akose kuficha kitu mahali. Kuna kreti ya soda imewekwa, tuamulie. – Kinyozi, Nyalenda

Kreti ni yako Kinyozi, lakini wacha nieleze ndio huyo mwenzako asiseme Anti amehongwa.

Jung alizaliwa 1942 Boston, akalelewa mji unaitwa Weymouth, Massachusetts, familia ya kawaida tu, shuleni alicheza ule mpira wao wa kushika na mikono na kugongana. Miaka ya sitini akahamia California kando ya bahari, anavuta bhangi na marafiki kama vijana wengi wa huko wakati huo, hakuna kitu kubwa. Sasa 1967 rafiki yake akatoka nyumbani kumtembelea, katika stori akamwambia bei ya bhangi huko kwao iko juu kabisa kuliko ya California. Ikaisha hapo. Kitu ni rahisi hapa, ni ghali kule, katikati ni safari, hesabu ile ile mama zetu wanafanya na omena ikitoka Dunga ikienda Nakuru, tofauti tu ni kwamba omena haifungishi mtu. Si ati aliamka siku moja akasema leo nakuwa mhalifu. Alipiga hesabu, hesabu ikakubali.

Na muangalie alimtumia nani kubeba. Mpenzi wake alikuwa mhudumu wa ndege, akawa anabeba kwa sutikesi, kwa sababu wakati huo nani angefungua sutikesi ya msichana wa ndege na unifomu yake? Wekeni hiyo akilini, nitaihitaji kwa barua inayofuata. Baadaye sutikesi ikawa haitoshi, wakaanza kurusha ndege ndogo ndogo kutoka Puerto Vallarta, Meksiko. Mwaka 1974 akashikwa Chicago na karibu kilo 300 za bhangi, akapelekwa jela ya Danbury, Connecticut, na hapo ndio mimi hushangaa serikali za watu, kwa sababu walimweka chumba kimoja na Carlos Lehder, kijana wa Kolombia. Jung anajua ndege na anajua wateja. Lehder anajua watu wa kokeni wa mji wa Medellín huko kwao. Walipelekwa ndani wanyooke, wakatoka wamefungua kampuni.

Kupanda kulikuwa haraka sana, sitawachosha, kokeni inaingia Marekani kwa ndege na Jung amekaa katikati, upande mmoja watu wa Medellín na upande mwingine mnunuzi wake wa California, ambaye kwa taarifa yenu alikuwa mtu wa saluni ya nywele, kwa hivyo nyinyi vijana wa Nyalenda mjichunge. Huyo mnunuzi Jung alimficha kabisa, maana alijua huyo ndiye bima yake. Siku Lehder alimjua, Jung akawa mtu wa bure. 1978 Lehder akaanza kununua ardhi Norman's Cay, kisiwa cha Bahama, ndege zikawa zinatua huko na zinaondoka na mtu aliyefungua njia amewachwa nje. Lehder naye akashikwa Kolombia Februari 1987 akapelekwa Marekani, na nani akasimama kortini kumtolea ushahidi? Jung. Lehder akapewa kifungo cha maisha na miaka 135 juu yake, halafu yeye pia akaja akamtolea ushahidi Noriega, aliyekuwa mtawala wa Panama, akapunguziwa, akatoka 2020. Urafiki wa hii kazi ndio huo.

Jung hakuacha lakini. 1994 alishikwa tena Topeka, Kansas na karibu kilo 800 za kokeni, akapewa miaka 60, baadaye zikapunguzwa, akatoka Juni 2014 akiwa mzee wa miaka 71, 2016 akarudishwa ndani kwa kuvunja masharti ya kuachiliwa, akatoka tena, akafa Mei 2021 huko huko Weymouth alikolelewa. Binti yake alizaliwa 1978, pigeni hesabu wenyewe alimlea saa ngapi. Kuhusu pesa, yeye mwenyewe alisimulia kwamba mamilioni aliyoweka benki ya Panama yalichukuliwa hivi hivi, na pesa kama hiyo ikichukuliwa utaenda kwa nani kushtaki? Kunyweni soda. Na video zenye mnaangalia kwa simu huwa zinakata hapo kwa ndege na wasichana, kwa hivyo huyo mwenzako simlaumu sana.

*

Anti, habari za siku. Ndugu yangu mdogo alikuwa anabeba mboga na Probox ya mtu, kutoka Molo kuleta soko hapa Nakuru. Tangu mwaka jana ameomoka. Amelipa karo ya watoto wangu, amemuwekea mama tangi ya maji, juzi amenunua ploti Kiamunyi kwa keshi. Anaenda Busia usiku anarudi asubuhi, ako na simu mbili, hiyo moja ikilia anatoka nje. Nikamuuliza akacheka akaniambia "sista, mimi sina rekodi, sijawahi hata kulala seli, nani atanishuku mimi mtu wa kabeji?" Mama anamuombea kila siku. Nikiongea naonekana nina wivu, na tayari nimekula hiyo pesa. Nifanye nini? – Dada, Free Area, Nakuru

Pole dadangu. Wivu huna. Na hayo maneno alikwambia akicheka, kwamba hana rekodi na hakuna mtu atamshuku, hakujua lakini alikuwa anakusomea barua yake ya kuajiriwa. Hicho ndicho kitu wanakodi. Probox ziko nyingi, madereva wa usiku wako wengi, kenye hakipatikani kirahisi ni mtu ambaye askari wa barabarani amemzoea, anamuuliza leo kabeji ni ngapi halafu anamfungulia njia. Hilo jina amelijenga akiamka saa tisa usiku miaka yote hiyo, sasa kuna mtu analitumia na amelilipia tangi ya maji na ploti. Ni bei ya chini sana. Likishachafuka mara moja tu hatalipata tena hata anunue Kiamunyi yote, na yule aliyelikodi atatafuta mtu mwingine msafi wiki hiyo hiyo.

Wacha nikuletee mzee mmoja ndio uone si mambo ya ujana. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Leo Sharp, mzaliwa wa 1924, alipigana vita vya pili vya dunia huko Italia akapewa medali, akarudi akawa mkulima wa maua Michigan City, Indiana. Na si mkulima mdogo, alikuwa anazalisha aina zake mpya za maua na wapenda maua wa nchi yote wanamjua. Biashara ikayumba. Akiwa ameshapita miaka 80, umri wa kukaa kwa kivuli na wajukuu, akaanza kubebea kateli ya Sinaloa, genge la ulanguzi la Meksiko, anaendesha pikapu mwenyewe na kokeni nyuma mpaka Detroit, wale watu wanamwita babu. Nani atasimamisha babu wa maua? Walimsimamisha Oktoba 2011, barabara kuu ya Michigan, ako na miaka 87 na kilo 104 za kokeni. Na usidhani ni bahati mbaya, wapelelezi walikuwa wameshaingia ndani ya huo mtandao siku nyingi, wanajua anakuja, ile kosa ya barabarani ilikuwa sababu tu ya kufungua gari. 2014 akahukumiwa akiwa na miaka 90, wakili anasema mzee amekuwa msahaulifu, mzee mwenyewe anaambia korti atalipa deni kwa kukuza mapapai. Akapewa miaka 3, akaachiliwa mapema kwa ugonjwa, akafa Desemba 2016. Sasa kaka yako hana hizo miaka 90 za kuhurumiwa nazo.

Hapa kwetu sheria ya dawa za kulevya ni ya 1994, ikafanyiwa marekebisho 2022, na watu wanafikiri mlanguzi ni yule anauza. Hapana. Kubeba ni ulanguzi, kuweka kwa nyumba ni ulanguzi, kupeana ni ulanguzi. Mzigo ukipita gramu 100 faini inaanzia shilingi milioni 50 ama mara tatu ya bei ya huo mzigo, ile itakuwa juu, ama miaka 50 ndani, ama vyote viwili. Gramu, dada. Yeye anabeba magunia. Na hiyo Probox inaweza enda na serikali, mwenyewe abaki akieleza kama alijua.

Ile ploti ndio inanisumbua zaidi kwa sababu mnaona kama imeshakuwa salama, iko na hati, iko na mawe ya mpaka. Kuna shirika la serikali la kutwaa mali ya uhalifu, linaitwa ARA, sheria yake ni ya 2009, na halingoji mtu afungwe kwanza. Linaenda Mahakama Kuu linaomba ploti na akaunti zifungiwe, halafu mwenye ploti ndiye anaambiwa aeleze pesa ilitoka wapi. Ataeleza nini? Kabeji? Wazazi wengi nimeona wakiitwa kueleza mali ya watoto, mama ameshika mkoba na mikono yote miwili anasema mtoto wangu ni mtu wa bidii, na ni kweli alikuwa mtu wa bidii, si hiyo ndiyo ilifanya achaguliwe.

Kwako wewe, ile umekula umekula, lakini kuanzia leo usichukue tena, kwa sababu sasa unajua, na hiyo sheria ya 2009 inashika pia mtu anayetumia pesa akijua ama alipaswa kujua imetoka wapi. Usikubali kitu kiandikwe jina lako, si ploti, si pikipiki, hata laini ya simu usimsajilie, na akikwambia nitakutumia pesa utoe unipe mkononi, kataa hata kama atanuna mpaka Krismasi. Halafu ongea naye mama akiwa mbali. Jehanamu usimtajie, hiyo ameshasikia kanisani. Muulize akishikwa usiku wa leo nani atalipa wakili. Yule mtu wa simu ya pili, jina lake la kitambulisho ni nani na anaishi wapi? Kama hajui, basi ajue yeye anajulikana yote, nyumbani kwao, mama yake, watoto wako wanasoma wapi. Kesi za mizigo nilizowahi kuandikia faili, dereva yuko, turnboi yuko, mwenye mzigo hata ukiangalia benchi za nyuma hayuko.

Akitaka kutoka atoke sasa, polepole, kabla hajaambiwa majina mengi, aseme mgongo umekataa safari za usiku, aseme mwenye Probox anataka gari lake, sababu ndogo ndogo za kawaida. Asifanye ile wanaita ya mwisho. Kila mtu huwa na ya mwisho, kubwa kuliko zingine, ati atoke na kitu mkononi, na nyingi za zile faili zangu zilikuwa ya mwisho ya mtu. Kama tayari anajua mambo mazito na anaogopa, aone wakili kabla aone askari, kuna shirika la kulinda mashahidi na sheria yake ni ya 2006, wakili anajua mlango wa kubisha. Mama mwambie baadaye. Hawezi kulala akijua, lakini pia hawezi kuwa wa mwisho kujua.

*

Anti niaje. Mimi ni wa nduthi hapa Busia. Watu hunipa vifurushi nipeleke Bumala ama Mundika, sijui ndani kuna nini. Nikishikwa nitasema tu sikujua, si hiyo inatosha? – Mtu wa Nduthi, Busia

Inatosha siku ya hukumu kama umeaminika. Korti huangalia kama ulijua na kama mzigo ulikuwa mikononi mwako, lakini kabla ufike kwa hukumu utakuwa umelala seli, katiba inasema ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, halafu bondi, halafu tarehe baada ya tarehe, na nduthi yako imewekwa kituoni kama ushahidi, inanyeshewa, mkopo wake unazidi kukua. Na kuna kitu itakumaliza hata kama hukujua, ni bei. Ukilipwa elfu mbili kupeleka kifurushi mahali kila mtu anapeleka kwa mia mbili, utamwambia hakimu ulidhani ni nini, zawadi ya Pasaka?

Kwa hivyo muulize mtu afungue mbele yako, piga picha kitambulisho na namba ya anayetuma, na ule atakwambia "wewe enda tu utapigiwa ukifika" mwambie nduthi ina pancha. Ukishikwa, haki ya kunyamaza mpaka wakili aje ni yako. Itumie, vijana wengi huanza kujieleza hapo kwa kaunta wakifikiri wanajisaidia.

*

Wewe Anti umeshiba pensheni unahubiria maskini. Mimi nilikuwa mkulima wa miwa, kiwanda cha Mumias kikawekwa chini ya mrasimu, yule msimamizi wa kampuni ikishindwa na madeni, 2019 lakini sisi tulikuwa tumeshakufa kabla ya hapo. Kijana yangu amemaliza kidato cha nne anashinda kwa daraja. Hawa vijana wanabeba kwa sababu hakuna kingine cha kubeba. Na wakubwa wa hiyo biashara hawafungwi, mnafunga watoto wetu. Andika hiyo. – Baba Watatu, Mumias

Nimeandika Baba, neno kwa neno. Kuhusu Mumias sitabishana na wewe, mtu aliyengojea malipo ya miwa mpaka akang'oa miwa hawezi kuambiwa na mimi ajikaze, na kazi ya kumpa kijana wako sina. Pensheni yenyewe ukiiona utanichangia.

Kwa wakubwa pia uko karibu na ukweli. Waangalie kina Akasha wa Mombasa. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim, walishikwa Novemba 2014, kesi ikavutana hapa miaka miwili na zaidi, mpaka Januari 2017 wakapelekwa New York na huko wakakiri makosa, pamoja na kwamba walikuwa wanahonga maafisa wa hapa ndio kesi isiende mahali. Baktash akapewa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Wakubwa walifungwa, sawa, lakini ilibidi wavuke bahari kwanza. Hiyo ni aibu yetu na sina maneno matamu ya kuifunika.

Lakini sasa soma tena ulichoniandikia, polepole. Kama wakubwa hawafungwi na kila mwaka lazima kuwe na watu wa kufungwa ndio serikali ionekane inafanya kazi, hao watu watatoka wapi? Si utanijibu wewe mwenyewe. Hiyo barua yako ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kijana kukataa, na wewe unaileta kama sababu ya kukubali. Mkubwa anaweka hesabu ya kupoteza magari kadhaa na madereva kadhaa, hiyo kwake ni gharama ya kazi. Kijana yako hana mwili wa pili wa kuweka kwa hiyo hesabu. Njaa inasukuma, nakubali, lakini inasukuma wengi hapo kwa daraja na wanaobeba ni wachache, na wale wachache huwa wamechaguliwa na mtu aliyekuja akawaangalia, nani hana kelele, nani ana heshima, nani hajawahi kushikwa. Muulize kijana wako kama kuna mtu mgeni amekuwa akinunulia watu chai hapo.

*

Anti shikamoo. Mimi niko Kondele, nina miaka 23, nimemaliza kosi ya hoteli na bado sijapata kazi. Kuna dada alinitafuta Facebook, mkarimu sana, anasema kuna kazi Asia, tiketi analipa yeye, visa yeye, nikifika napewa pesa ya kuanzia. Kitu moja tu, nikifika nchi ya katikati nitapewa sutikesi ya nguo za sampuli za biashara yake nipeleke. Pasipoti iko na yeye kwa sababu ya visa. Safari ni mwisho wa mwezi. Marafiki wananiambia nina bahati. Nina wasiwasi bure? – K., Kondele

Marahaba mwanangu. Usiende. Nimejibu barua yako kwa simu kabla gazeti lichapwe, lakini naiweka hapa kwa sababu huyo dada ako na marafiki wengi wa Facebook.

Julai 2023 msichana mwenzetu kutoka Murang'a alishikwa uwanja wa ndege wa Tan Son Nhat, Ho Chi Minh, Vietnam, akiwa njiani kwenda Laos, kwenye sutikesi kukapatikana zaidi ya kilo 2 za kokeni. Alisema ameahidiwa dola 1,300 kuipeleka na hakujua kilichokuwa ndani. Machi 2025 korti ya huko ikamhukumu kifo, na serikali yetu ikabaki ya kuomba na kubembeleza. Sisi hapa hatujanyonga mtu tangu 1987 kwa hivyo tumesahau hiyo adhabu ni kitu gani, lakini pande hizo haijasahaulika. Singapore heroini ikizidi gramu 15 ni kifo, kokeni gramu 30, bhangi gramu 500. Hawaulizi kwanza kama nyumbani kuna shida, na lugha utakayosomewa mashtaka hutaijua.

Sasa hiyo safari yako iangalie kama mtu wa hoteli anavyoangalia bili. Nguo za sampuli hutumwa kwa kuria, bei yake haifiki hata robo ya tiketi ya ndege, kwa nini mtu alipe tiketi, visa na pesa ya kuanzia ndio nguo zifike? Kwa nini upitie nchi ya katikati na sutikesi isitoke Kisumu na wewe, uipange mwenyewe? Kwa nini mtu wa kazi ya hoteli hajakuuliza hata siku moja kama unajua kutandika kitanda? Kenye wamekuuliza, nina hakika, ni kama pasipoti yako ni mpya na kama umewahi kusafiri. Mzigo hushonwa ndani ya kitambaa cha sutikesi ama kwa sakafu yake, ukifungua unaona nguo tu kweli. Na wengine wakishafika huko katikati, peke yao, bila pesa ya kurudi, mambo hubadilika wanaambiwa wameze. Hizo pakiti moja ikipasuka tumboni hakuna daktari atakuwahi.

Unachofanya. Usimtukane huyo dada na usimwambie umejua. Mwambie mama anaugua, unataka pasipoti urudi nayo nyumbani siku mbili, mkutane mahali pa watu, na uende na kaka yako. Akikataa kuitoa nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe abstrakti, halafu ofisi ya uhamiaji hapo Kisumu uwaambie pasipoti yako iko mikononi mwa mtu mwingine. Meseji zote ziweke, usifute hata moja, picha zake, namba zake, jina la ile akaunti, hizo ndizo wapelelezi wa DCI watataka kuona. Na kama bado unataka kazi ya nje, ambayo si dhambi, mamlaka ya ajira ya taifa, NEA, ina orodha ya mawakala walio na leseni, jina la wakala lisipokuwa hapo usimpe hata picha ya kitambulisho.

Mama yako ajue leo, si kesho. Ukishaishika hiyo pasipoti mkononi nitumie meseji, hata ikiwa usiku.